Kusaka Wanasesere na Vichezeo Ugenini: Mwongozo Kamili wa Msafiri

Karibu kila uwanja mkubwa wa ndege una duka linalouza mwanasesere aliyevishwa vazi la taifa na kufungiwa ndani ya boksi la plastiki. Mara nyingi hakuna mtoto wa nchi hiyo aliyewahi kumchezea, na kiwanda kilichomtoa huenda kipo bara jingine kabisa. Anayetaka kitu chenye asili, yaani kichezeo ambacho watoto wa mahali wamelala nacho au ambacho fundi wa mahali amekitia sahihi yake, hana budi kukitafuta. Kazi hiyo huanza wiki kadhaa kabla ya safari na kuisha siku chache baada ya kurudi. Nitaieleza kwa mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: amua unasaka nini

Usiondoke na nia ya jumla tu ya kununua vichezeo, maana utarudi na begi zima la vitu usivyovipenda. Kuna makundi matatu, na kila moja lina njia yake ya kusakwa.

La kwanza ni kazi za mikono zinazofanywa hadi leo: kokeshi, wanasesere wa mbao wa Japani, matryoshka wa Urusi wanaoingiana mmoja ndani ya mwingine, wanasesere wa vitambaa waitwao Lele kutoka Amealco huko Mexico, vichezeo vya mbao vyenye rangi za kung'aa kutoka Channapatna, India. Hivi ni vyema uvifuate vinakotengenezwa.

La pili ni bidhaa za zamani za viwandani: wanasesere wa kauri wa Ujerumani na Ufaransa, dubu wa kuchezea wa kampuni ya Steiff, vigari vya chuma vya Dinky na Matchbox, maroboti ya bati ya Kijapani. Makazi yake ni masoko ya mitumba, minada na maduka ya vitu vya kale.

La tatu husahaulika na wasafiri wengi, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ni vichezeo vya kawaida kabisa ambavyo nchi moja nzima inavijua na jirani zake hawana habari navyo. Watoto wa Hispania wamekua na Nancy, mwanasesere wa kampuni ya Famosa aliyetoka mwaka 1968. Watoto wa Japani wana Licca, wa kampuni ya Takara, tangu 1967. Uingereza ilikuwa na Sindy wa Pedigree kuanzia 1963. Uzuri wa kundi hili ni kwamba wenyeji wengi hawavihesabu vitu hivi kuwa mali. Vimelala kwenye makabati ya bibi zao, vinauzwa bei ya kutupa, na muuzaji akiona mgeni anauliza habari zake hufurahi na kuanza kusimulia utoto wake. Masimulizi hayo yaandike. Yana thamani kama kichezeo chenyewe.

Chagua kundi moja liwe kuu, mengine yaje kwa bahati.

Hatua ya pili: panga safari kwa kalenda ya masoko

Masoko mazuri yana siku zake, na kuchelewa kwa siku moja kunaweza kukunyima soko lote. Kabla ya kukata tiketi, tafuta tarehe.

Uholanzi, tarehe 27 Aprili ni Siku ya Mfalme. Siku hiyo watu wanaruhusiwa kuuza vitu vyao vya zamani barabarani, na watoto hutandika mikeka na kuuza vichezeo vyao wenyewe. Katika bustani ya Vondelpark, Amsterdam, eneo lote huwa la watoto. Tarehe hiyo ikiangukia Jumapili, sherehe hufanyika tarehe 26. Kwa mtafuta vichezeo vya kawaida vya kizazi kilichopita, sijui siku nyingine bora kuliko hiyo barani Ulaya. Ufaransa nayo ina soko kubwa la Lille mwishoni mwa wiki ya kwanza ya Septemba, na kwa mwaka mzima miji na vijiji vyake huandaa siku za wakazi kutoa vitu vya darini, ziitwazo vide-grenier. Madrid, soko la El Rastro ni la Jumapili na sikukuu. Kyoto, hekalu la Toji lina soko tarehe 21 ya kila mwezi, na siku nne baadaye, tarehe 25, kuna jingine kwenye hekalu la Kitano Tenmangu. Anayepanga vizuri huyapata yote mawili. Marekani, uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena hufungua soko lake Jumapili ya pili ya mwezi, na Brimfield, Massachusetts, hufanya maonyesho ya vitu vya kale mara tatu kwa mwaka: Mei, Julai na Septemba.

Tahadhari moja: maonyesho makubwa ya vichezeo ya Nuremberg, Ujerumani, ambayo husifiwa sana, ni ya wafanyabiashara wa sekta hiyo. Msafiri wa kawaida haruhusiwi kuingia.

Andika pia kwenye daftari jina la kitu unachosaka kwa lugha ya huko: Puppe kwa Kijerumani, poupée kwa Kifaransa, muñeca kwa Kihispania, ningyo kwa Kijapani, kukla kwa Kirusi. Ukitafuta mtandaoni kwa neno la wenyeji, utaona matangazo ya masoko madogo, minada ya vijijini na makumbusho ya familia ambayo hayajatangazwa kwa watalii.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza iwe ya makumbusho

Ukifika, usikimbilie sokoni. Nenda kwanza makumbusho, ukae humo saa mbili au tatu. Jicho lisilozoea huona kila mwanasesere wa kauri ni sawa na mwenzake. Baada ya kusimama mbele ya kabati zenye vielelezo halisi, utaanza kutofautisha rangi ya mashavu iliyopakwa kwa mkono na ile iliyochapishwa, na utajua nywele halisi za zama fulani zilikuwaje.

Ujerumani ina Sonneberg, mji uliokuwa kitovu cha biashara ya vichezeo duniani; makumbusho yake ya vichezeo ilianzishwa 1901. Kule Giengen an der Brenz, alikozaliwa Margarete Steiff, kampuni ya Steiff ina makumbusho yake. London kuna Young V&A, iliyofunguliwa upya Julai 2023 katika eneo la Bethnal Green. Istanbul kuna makumbusho ya vichezeo iliyoanzishwa na mshairi Sunay Akın mwaka 2005. Delhi ina Makumbusho ya Kimataifa ya Wanasesere ya Shankar, Rochester katika jimbo la New York ina The Strong, na Mexico City ina makumbusho ya vichezeo vya kale yanayojulikana kama MUJAM.

Ukiwa humo fanya mambo mawili. Piga picha za alama za viwanda pale inaporuhusiwa, hasa za nyuma ya shingo na chini ya miguu. Kisha zungumza na mhudumu. Muulize ni mafundi gani bado wanafanya kazi na wakusanyaji wa mji huo hununua wapi. Watu wa makumbusho ndogo hupenda kuulizwa, na mara nyingi jibu lao ni barabara ambayo hakuna kitabu cha utalii kinachoitaja.

Hatua ya nne: nenda kwenye chanzo

Kwa kazi za mikono, kijiji cha mafundi kinashinda duka lolote. Nitataja vichache ili uone unachoweza kukuta.

Naruko, kaskazini-mashariki mwa Japani, ni mji wa chemchemi za maji moto na pia wa kokeshi, wanasesere wa mbao wasio na mikono wala miguu. Kokeshi wa Naruko ukimgeuza kichwa hutoa mlio mwembamba, kwa sababu ya namna kichwa kilivyobanwa kwenye kiwiliwili. Geuza kila kokeshi uangalie chini: wa jadi huwa na sahihi ya fundi. Karakana nyingi ziko wazi kwa wageni, na utamwona fundi akikereza mbao na kupaka mistari ya rangi wakati kipande bado kinazunguka.

Wakazi wa Seiffen, katika milima ya Erzgebirge nchini Ujerumani, walikuwa wachimba madini kabla ya kugeukia vichezeo vya mbao. Huko bado ipo sanaa ya kukereza pete. Fundi huchukua duara zima la mbao, hulikereza kwa ndani na nje, halafu hulipasua vipande, na kila kipande hutoka na umbo la farasi, ng'ombe au tembo. Ukishaona pete hiyo ikipasuliwa mbele ya macho yako, utaelewa kwa nini mnyama mdogo wa Seiffen ana umbo lile jembamba upande mmoja na nene upande mwingine, na utamtambua popote utakapomkuta sokoni.

Channapatna iko kati ya Bengaluru na Mysuru. Mafundi wake hutumia mbao nyeupe laini, na rangi hupakwa kwa kusugua kijiti cha lakiri juu ya mbao inayozunguka, msuguano ukaiyeyusha. Amealco, jimbo la Querétaro, ni kwa wanawake wa Kiotomi wanaoshona Lele, mwenye misuko na taji la utepe za rangi rangi. Nunua kwa mshonaji mwenyewe. Pesa yote inabaki mkononi mwake, na wewe unapata jina lake.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha karakana. Usishindanie bei na fundi kama unavyofanya na mchuuzi. Mwulize bei, ukiona ni kubwa, chagua kipande kidogo zaidi.

Kwa vitu vya viwandani, uwanja ni mwingine. Paris ina soko la mitumba la Saint-Ouen, ambako wauzaji ni wataalamu na bei zinaonyesha hivyo. Tokyo ina jengo la Nakano Broadway, lenye maduka mengi ya Mandarake yanayouza vichezeo vilivyotumika; huko kasoro huandikwa kwenye lebo, nayo lebo hiyo ni ya kuaminika. Hong Kong, barabara ya Tai Yuen mtaa wa Wan Chai imejaa maduka ya vichezeo, na nyingine kama hiyo ni Fuk Wing kule Sham Shui Po. Usidharau maduka ya hisani yanayouza nguo na vyombo vilivyotolewa bure, kama Oxfam Uingereza, Emmaüs Ufaransa na Goodwill Marekani. Rafu ya vichezeo huwa mwisho kabisa mwa duka, na mara nyingi vitu vidogo hufungwa pamoja kwenye mfuko mmoja. Omba kuufungua.

Hatua ya tano: nenda sokoni na vifaa

Beba tochi ndogo yenye mwanga mkali, lenzi ya kukuzia, futi ya kupimia, sumaku ndogo, na ikiwezekana kitochi cha taa ya UV (miale ya urujuanimno). Beba noti ndogondogo za pesa ya huko. Beba pia shuka jepesi au taulo na mifuko kadhaa ya plastiki yenye kufungika. Vyote hivi huingia kwenye mkoba mmoja.

Fika soko linapofunguliwa ikiwa unasaka kitu mahususi, kwa sababu wauzaji wa maduka hununua saa ile. Fika saa ya kufunga ikiwa unasaka vitu vya kawaida, kwa sababu hakuna anayetaka kurudisha maboksi nyumbani. Zunguka mara ya kwanza haraka ukiangalia chini ya meza, kisha mara ya pili polepole.

Hatua ya sita: kagua

Hapa tutakaa kidogo. Kila malighafi ina ugonjwa wake, na anayeijua huokoa pesa nyingi.

Wanasesere wa kauri isiyong'arishwa, wale wenye nyuso kama ngozi iliyopakwa poda, walitengenezwa kwa wingi Ujerumani na Ufaransa kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19. Adui yao ni ufa mwembamba usioonekana. Omba ruhusa ya kuinua wigi, kisha ingiza tochi ndani ya kichwa: ufa utaonekana kama mstari mweusi kwenye kauri inayong'aa. Taa ya UV huonyesha sehemu zilizorekebishwa, maana rangi na gundi mpya hung'aa tofauti na kauri ya zamani. Muuzaji akikataa usiinue wigi, na bei ni kubwa, ondoka.

Alama ziko nyuma ya shingo, chini ya nywele. Usichanganye namba ya kalibu na mwaka. Namba 390 yenye herufi A.M. ni kalibu ya kiwanda cha Kijerumani cha Armand Marseille, moja ya zilizozalishwa kwa wingi kuliko zote. Ni mwanasesere mzuri, lakini usilipe bei ya kitu adimu. Jina la nchi husaidia kukadiria umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo neno "Germany" kwenye shingo kwa kawaida humaanisha 1891 au baadaye. Kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba mwanasesere ni wa kale zaidi, kwani waliouzwa kwingine hawakulazimika kuandikwa. "Made in Occupied Japan" ni ya miaka ya Japani kukaliwa, iliyokwisha 1952. "W. Germany" ni ya kati ya 1949 na 1990.

Na hili lisemwe wazi kwa wapenda Barbie: mwaka uliochapwa mwilini ni wa hakimiliki ya umbo. Barbie wa kwanza alionyeshwa New York tarehe 9 Machi 1959, lakini maelfu kwa maelfu waliofuata wana 1966 mgongoni ingawa waliuzwa miongo kadhaa baadaye. Muuzaji anayekuambia "huyu ni wa 1966" pengine anaamini anachosema. Angalia nchi ya kiwanda, uso na nywele kabla ya kumwamini. Barbie wa mwanzo walitengenezwa Japani. Indonesia na China zilikuja baadaye sana.

Kompozisheni, mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi uliotumika sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, huchukia unyevu na joto. Mtandao wa nyufa ndogo juu ya rangi ni wa kawaida na unavumilika. Rangi inayobanduka vipande vipande ukiigusa haivumiliki, kwa sababu itaendelea kubanduka nyumbani kwako.

Seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, ni nyepesi, laini, na inashika moto kwa kasi ya kutisha. Mwanasesere mwenye alama ya kobe ni wa Schildkröt wa Ujerumani, waliotumia seluloidi tangu 1896. Isugue kwa kidole mpaka ipate joto: utasikia harufu ya kafuri. Ikiwa inanata, imegeuka njano ya kahawia au inatoa harufu kali ya asidi, iache palepale. Seluloidi inayooza huharibu na vitu vilivyo jirani nayo.

Vinili ya wanasesere wa kisasa hutoa vilainishi vyake na kuanza kunata, kasoro isiyopona. Barbie wa zamani wana ugonjwa wa masikio ya kijani, uliotokana na hereni za chuma kupata kutu. Toa nywele pembeni uangalie.

Bati lililochapwa picha lina hatari ya betri zilizovuja. Fungua kila mlango wa betri. Unga mweupe au wa kijani humaanisha nyaya zimeliwa. Maroboti ya Kijapani ya kampuni kama Nomura, Horikawa na Masudaya yameigwa sana, na nakala mpya huwa na skrubu za kisasa na rangi isiyo na mkwaruzo hata mmoja pale ambapo mikono ya mtoto ingegusa. Sumaku itakwambia kama ni bati la chuma au plastiki iliyopakwa rangi ya fedha.

Dubu wa Steiff huwa na kitufe cha chuma kwenye sikio tangu 1904. Kitufe kinaweza kung'olewa, na pia kuhamishiwa kwenye dubu asiyestahili. Angalia tundu: kitambaa kinachokizunguka kitufe halisi kimechakaa kwa kiwango kilekile na sikio lote.

Vitambaa, sufu na vichezeo vilivyojazwa majani makavu vikague mishono. Unga laini unaodondoka ukivitingisha ni dalili ya wadudu.

Hatua ya saba: bei

Uliza bei ya vitu viwili au vitatu kwa pamoja kuliko kimoja kimoja. Onyesha kasoro kwa heshima, na utaje unachoweza kulipa mara moja. Katika maduka ya Japani bei haishushwi, na kulazimisha ni kukosa adabu. Muuzaji akikupa hadithi ya kitu, "cha mama yangu", muombe aandike kwa mkono wake kwenye karatasi. Omba risiti kila mahali, hata iliyoandikwa kwa kalamu. Itakusaidia forodhani.

Hatua ya nane: bandia na vitu visivyofaa kununuliwa

Vichezeo vinavyopendwa kwa wakati fulani huigwa haraka. Mwanasesere Labubu wa kampuni ya Pop Mart ni mfano wa karibuni: wa kweli ana meno tisa, na boksi lake lina msimbo wa kuhakiki. Bandia zinaweza kukamatwa mpakani, na hakuna anayekurudishia pesa.

Aina nyingine ya udanganyifu ni ya kazi za mikono. Kusini-magharibi mwa Marekani, watu wa Hopi huchonga wanasesere wa katsina kutoka mizizi ya mti wa kotonwudi, na maduka ya watalii yamejaa nakala za viwandani. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji hao ilhali si kweli. Kwa hiyo uliza jina la mchongaji na umuombe muuzaji aliandike kwenye risiti.

Peru, wachuuzi huuza wanasesere wa mtindo wa Chancay, utamaduni wa kale wa huko, na baadhi wameshonwa kwa vipande vya vitambaa vya kale vilivyotolewa makaburini. Sheria ya Peru hairuhusu kutoa nchini vitu vya kabla ya ujio wa Wahispania, na kununua kipande kama hicho kunamtia moyo anayechimba kaburi. Chagua aliyeshonwa kwa kitambaa kipya na useme hivyo kwa sauti dukani. Muuzaji ajue wateja wanataka nini.

Hatua ya tisa: forodha na ndege

Mkataba wa CITES, wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaofanya kazi tangu 1975, unahusu pembe za ndovu, magamba ya kasa na ngozi za wanyama wengi. Wanasesere wa Inuit, wenyeji wa Aktiki, huvishwa ngozi ya sili; Marekani inazuia kuingizwa kwa bidhaa za wanyama wa baharini chini ya sheria ya 1972. Australia na New Zealand hukagua kwa ukali majani makavu, mbegu, manyoya na mbao zenye magome. Tamka kila kitu kwenye fomu. Kichezeo kilichotamkwa mara nyingi hukaguliwa na kurudishwa; kilichofichwa huchukuliwa, na faini juu yake.

Ndege: bunduki ya kuchezea inayofanana na ya kweli haiingii kwenye mzigo wa mkononi, hata ikiwa ya bati. Betri za akiba za lithiamu hukaa nawe, kamwe zisiende kwenye begi la chini. Kichezeo chenye seluloidi, uliza shirika la ndege kwanza.

Kodi: Umoja wa Ulaya hurudisha kodi ya ongezeko la thamani kwa wakazi wa nje, bidhaa mpya zikitoka kabla ya miezi mitatu kupita, pata muhuri wa forodha kabla ya kukabidhi mizigo. Uingereza ilifuta utaratibu huo kwa wasafiri mwanzoni mwa 2021, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Vitu vya mtumba kutoka kwa mtu binafsi havina marejesho popote.

Hatua ya kumi: kufunga mizigo

Kauri isafiri mkononi. Wanasesere wenye macho ya kufumba huwekewa karatasi laini ndani ya kichwa nyuma ya macho, kisha hulazwa kifudifudi, ili uzito wa macho usiyavunje yakadondoka ndani. Kichwa kinachoweza kutolewa kitoe, ukifunge peke yake. Vinili isigusane na vipande vya stairofomu, maana vilainishi vyake huiyeyusha na kuacha makovu. Funga kwa pamba au karatasi nyeupe kwanza. Karatasi ya gazeti huacha wino kwenye nguo. Toa betri zote. Boksi la kichezeo ni sehemu ya thamani yake, kwa hiyo lisafiri likiwa limejazwa soksi na fulana ili lisibonyee.

Kwa vitu vikubwa, posta ya nchi hiyo mara nyingi ni nafuu kuliko uzito wa ziada wa begi. Weka bima, na bandika orodha ya vilivyomo ndani na nje.

Hatua ya kumi na moja: ukifika nyumbani

Kila kitu cha kitambaa au cha majani kiwekwe kwenye mfuko uliofungwa, mbali na vingine. Ukihofia wadudu, ugandishe mfuko kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uuache kwa saa 24 ukiwa bado umefungwa, ili unyevu uishie nje ya plastiki. Usigandishe kauri, kompozisheni, vioo wala mbao zilizopakwa rangi.

Andika kadi kwa kila kimoja: fundi au kiwanda, mji, tarehe, bei, na maneno ya muuzaji. Kadi ikae pamoja na kitu chenyewe.

Na kama kuna mtoto anayengoja zawadi, asipewe kitu cha kale. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, macho ya vitufe hung'oka, na seluloidi huwaka. Mnunulie kipya kutoka kwa fundi uliyemtembelea, au cha dukani chenye alama ya usalama ya CE ikiwa umekinunua Ulaya, kisichokuwa na vipande vidogo endapo hajatimiza miaka mitatu.